Mfahamu Jesse Livermore: alipata mamilioni kwa hisa, akafilisika tena na tena

Siku hizi hata mtu aliyeko Ngara au Biharamulo anaweza kununua hisa za CRDB au NMB kwa simu, bila kupanda basi kwenda Dar. Akishanunua, swali linabaki: auze haraka bei ikipanda kidogo, au azishike miaka mingi ale gawio?

Swali hilo lilimtesa Mmarekani Jesse Livermore maisha yake yote.

Alizaliwa Massachusetts mwaka 1877, mtoto wa mkulima. Akiwa na miaka 14 alikimbia jembe, akaenda Boston na kupata kazi ya kuandika bei za hisa ubaoni kwenye ofisi ya madalali.

Baadaye akaingia kwenye vibanda ambako hisa hazinunuliwi kweli. Unabashiri tu bei itapanda au itashuka, kama kubeti mpira. Dogo alishinda mno, mpaka wenye vibanda wakampiga marufuku.

Akahamia soko lenyewe, New York. Huko akapigwa. Kibandani alipewa bei iliyo ubaoni papo hapo, lakini sokoni, mpaka agizo lake lifike, bei ilishahama. Faida ndogondogo za haraka zikayeyuka.

Ndipo akajifunza kutulia, kusoma mwelekeo wa soko zima na kusubiri. Mwaka 1907 soko lilipoporomoka, alikuwa ameshauza hisa za kukopa ili azinunue tena kwa bei ya chini. Inasemekana siku moja tu ilimwingizia zaidi ya dola milioni 1.

Mwaka huohuo mama mmoja wa New York, Hetty Green, naye alikuwa tayari, ila kwa njia nyingine. Yeye alinunua wakati watu wanauza kwa hofu, akashika miaka mingi, na siku zote aliweka akiba ya fedha taslimu. Mtikisiko ule ulimkuta na pesa za kuukopesha hata mji wenyewe.

Livermore hakudumu na somo lake. Mwaka 1908 alifuata ushauri wa mtu mwingine kwenye biashara ya pamba, akapoteza karibu kila kitu. Akainuka tena, na anguko la 1929 likampa faida inayokadiriwa kufikia dola milioni 100. Kufikia 1934 alikuwa amefilisika tena. Novemba 1940 alijiua, akiwa na miaka 63.

Hetty Green alifariki mwaka 1916 akiacha utajiri unaokadiriwa pia kufikia dola milioni 100. Wote wawili walizipata. Aliyezibakiza ni yule ambaye hakuwa na haraka, na ambaye hakuweka sokoni pesa yake ya mwisho.

Kwa mwenye laki moja kule Ngara, hesabu ni ileile: kila akinunua na kuuza, dalali anakata chake. Na ada ya shule ya mtoto haisubiri bei ipande.