*Tafakuri ya Ramadhani 19: Hesabu kilichobaki*



Ndugu zangu, mama zetu na dada zetu, poleni na swaumu. Kesho magharibi, inshaAllah, tunaingia kumi la mwisho. Wengi tumefika hapa tumechoka, na si kwa njaa tu. Kuna mwenye mgonjwa ndani, kuna aliyesimamishwa kazi, kuna ambaye kodi ya nyumba imefika na mfukoni hamna kitu. Basi moyo unaanza kunong'ona: mimi nina mkosi, mwaka huu kwangu ni nuksi tupu.

Hebu leo tumtazame mtu ambaye, kwa hesabu zetu, angesema hivyo na tusingemlaumu.

Ni *Urwa bin Zubeir*, Allah amrehemu. Baba yake ni Zubeir bin Awwam, mama yake ni Asmaa binti Abubakar, na Bibi Aisha ni mama yake mdogo, radhi za Allah ziwe juu yao wote. Alikaa sana kwa huyo mama mdogo akijifunza, mpaka akahesabiwa miongoni mwa wanachuoni saba wakubwa wa Madina.

Lakini msidhani alilelewa kwenye raha tupu. Baba yake aliuawa mwaka 36 Hijria, Urwa akiwa bado kijana. Mwaka 73 kaka yake Abdallah akauawa Makka baada ya mji kuzingirwa.

Kisha ikaja safari ya Damascus, kwa khalifa Walid bin Abdulmalik. Njiani mguu ukaanza kumuuma, ukaoza, na uozo ukawa unapanda. Waganga wakamwambia ukatwe. Mwanzoni hakutaka. Alipoona ugonjwa unazidi kupanda na roho iko hatarini, akakubali. Wakataka kumpa kinywaji cha kumpoteza fahamu, akakataa, hakutaka akili imtoke akaacha kumkumbuka Mola wake. Mguu ukakatwa kwa msumeno, naye anamtaja Allah.

Haikuishia hapo. Katika safari hiyohiyo mwanawe Muhammad aliingia kwenye zizi la wanyama wa khalifa, akapigwa teke na mnyama, akafa.

Jamani, safari moja: mguu na mtoto! Sisi tungeiita safari ya kisirani, na pengine tungeanza kutafuta nani katuroga. Urwa yeye alifanya hesabu nyingine. Alimshukuru Allah kwamba alimpa viungo vinne, akachukua kimoja na kumwachia vitatu. Na alimpa watoto kadhaa, akachukua mmoja na kumwachia wengine. Akaona kwamba Aliyechukua ndiye Aliyetoa, na Alichobakisha ni kingi zaidi.

Sasa sikilizeni jambo hili. Imepokewa kwamba Urwa alikuwa akisoma robo ya Qur'ani kila siku, kisha usiku anasimama nayo kwenye swala. Hakuacha ila usiku mmoja tu: usiku aliokatwa mguu. Usiku uliofuata akarudi kwenye kisomo chake.

Kwa hiyo hata Urwa alikuwa na usiku mmoja wa kushindwa. Maumivu si upungufu wa imani, na kulia si kukata tamaa. Swali ni je, usiku wa pili unarudi?

Na tusimwelewe vibaya. Ganzi ya hospitali leo haina ubaya, wanachuoni wameiruhusu. Tena Urwa aliwasikiliza waganga. Wapo kati yetu wenye sukari ambao daktari ameshawaambia juu ya kidonda cha mguu, nao wanakawia kwa hofu, wanasema wanamwachia Mungu. Kutawakali si kukaa nyumbani mpaka uozo upande. Nenda, huku ukimtaja Allah.

Mwisho, angalieni kile kilichobaki. Kati ya watoto aliobakishiwa Urwa alikuwemo *Hisham*, aliyekuja kuwa mpokezi mkubwa wa hadithi na mwalimu wa Imam Malik. Ile habari kwamba Mtume ﷺ alikuwa akikaa itikafu kumi la mwisho na kutuhimiza tuutafute Lailatul Qadr humo, katika Sahihi Bukhari imepokewa kwa njia ya Hisham, kutoka kwa baba yake Urwa, kutoka kwa Bibi Aisha. Usiku tunaoanza kuutafuta kesho, habari yake imetufikia kupitia nyumba ile iliyopata msiba.

*Kazi ya leo:* kabla ya futari, kaa dakika tano. Taja ulichopoteza, usijifiche. Kisha hesabu kilichobaki. Na kama kuna ibada uliyoiacha kwa sababu ya mtihani, irudie usiku huu, hata kama ni ukurasa mmoja.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, tufungulie milango ya riziki, na usitufikishe kumi la mwisho tukiwa tumekata tamaa na rehema Zako. Aamin.

Mtumie na mwenzako aliye kitandani. Tukutane kwenye tarawehe, inshaAllah.