Maisha ya Walt Disney na Nyumba Zake za Giza

Muhula uliopita, katika Siku ya Wazazi, sisi wa chama cha sayansi tulitengeneza nyumba ya giza ndani ya ghala la zamani nyuma ya bwalo. Tuliziba madirisha kwa mablanketi, tukachora mafuvu ukutani, na tukawapitisha wageni mmoja mmoja juu ya mkokoteni wa kuni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika mgeni wa tatu, mzee mmoja wa heshima. Mwenzetu alifungua mlango kabla ya wakati, jua likaingia hadi ndani, na yule mzee akaona ya kuwa zimwi letu ni kijana wa Kidato cha Pili aliyejifunika shuka, na viatu vya shule miguuni. Watu walicheka sana. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kazi ile, nami niliona haya hata nikashindwa kula chakula cha jioni.

Basi, nilikwenda maktaba kutafuta habari za watu waliofanya kazi ya namna hiyo wakafaulu. Hapo ndipo nilipoyajua maisha ya Walt Disney, ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa katuni za panya Mickey tu.

Walter Elias Disney alizaliwa mjini Chicago, Marekani, tarehe 5 Desemba 1901. Baba yake, Bwana Elias, alikuwa mtu mkali aliyejaribu kazi nyingi. Mwaka 1906 aliihamishia jamaa yake shambani karibu na mji mdogo wa Marceline, katika jimbo la Missouri, na mwaka 1911 wakahamia Kansas City. Huko baba alishika kazi ya kugawa magazeti. Walt na kaka yake Roy wakawa wanaamka kabla ya alfajiri kuyapeleka nyumba kwa nyumba, hata wakati wa theluji, ndipo Walt aende shule. Sisi tunaonung'unikia kengele ya asubuhi tukumbuke hayo.

Mwaka 1922 Walt alianzisha kampuni ya katuni, na mwaka 1923 ikafilisika. Alipanda treni akaenda Hollywood, na mwaka ule ule yeye na Roy wakafungua studio yao. Mwaka 1928 alipoteza katuni yake ya sungura Oswald, kwa sababu haki zake zilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine. Baada ya hasara hiyo yeye na mchoraji Ub Iwerks wakambuni Mickey, na mwaka 1937 studio ikatoa filamu ndefu ya Snow White. Wala hakuwa mtu asiye na kasoro. Mwaka 1941 wachoraji wake wengi waligoma, wakidai chama chao kitambuliwe, naye akawa na kinyongo nao kwa muda mrefu.

Bwana Disney alikuwa na mabinti wawili, Diane na Sharon. Siku za mapumziko aliwapeleka kwenye farasi wa kuzunguka katika Griffith Park, Los Angeles. Watoto walicheza, yeye akakaa kwenye benchi akiwatazama. Hapo akawaza ya kuwa ingefaa pawepo mahali ambapo mzazi na mtoto watacheza pamoja. Wenye mabenki hawakulipenda wazo hilo. Akakopa fedha kwa dhamana ya bima ya maisha yake, kisha kampuni ya televisheni ya ABC ikamsaidia. Akapata mashamba ya michungwa mjini Anaheim, California, na kwa muda wa mwaka mmoja tu akajenga bustani ya burudani kwa gharama ya dola milioni 17 hivi.

Disneyland ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955, na siku ile ilikuwa ya taabu. Jua lilikuwa kali, lami mbichi ikanasa visigino vya viatu vya akina mama, watu wengi wakaingia kwa tikiti za kughushi, na maji ya kunywa yalikuwa haba kwa sababu mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma. Yote hayo yalitokea huku televisheni ikionyesha sherehe nchi nzima. Niliposoma habari hiyo nilifarijika kidogo. Mimi niliaibika mbele ya wazazi wachache, yeye mbele ya taifa, na kesho yake akaamka akaendelea na kazi.

Sasa nieleze nyumba zake za giza. Hazikuanza kwake. Mwaka 1901, katika maonyesho ya Buffalo, Frederic Thompson alikwisha kuwapeleka watu safari ya mwezini ndani ya jengo. Mwaka 1928 Leon Cassidy wa New Jersey alikwisha kutengeneza vigari vya umeme vya kupita gizani kwenye reli moja. Lakini wengi wa watengenezaji wale walitaka kushtusha tu. Bwana Disney alitaka kusimulia hadithi. Mwaka 1955 alikuwa na nyumba tatu za namna hiyo: ya Snow White, ya Peter Pan na ya Bwana Toad. Kuta zilipakwa rangi nyeusi, na picha zikachorwa kwa rangi maalumu zinazong'aa zikipigwa na mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la mtu halioni. Reli ilipindapinda ndani ya jengo dogo, na milango ikatenganisha chumba na chumba, hata abiria asione ila kilicho mbele yake. Katika nyumba ya Peter Pan vigari vilining'inia kutoka reli ya juu, mtu akajiona anaruka juu ya taa za London.

Hapo nikatambua kosa letu. Ghala letu lilikuwa na njia moja iliyonyoka, hivyo mlango mmoja ukifunguliwa, siri yote imefichuka. Tungeweka kona mbili na pazia kila kona, jua lisingetufikia.

Hata yeye alikosea. Katika nyumba ya Snow White hakumweka Snow White mwenyewe, kwa maana alitaka abiria ajione kuwa ndiye yeye. Wageni wengi hawakuelewa, wakauliza binti yuko wapi. Nyumba hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 1983, binti akawekwa.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa nyumba ya maharamia wa bahari ya Karibi. Mwanzoni ilikusudiwa kuwa chumba cha sanamu za nta, watu wapite kwa miguu. Lakini katika maonyesho ya New York ya mwaka 1964, mafundi wake walipitisha watu wengi sana kwa mashua ndogo zilizosukumwa na maji mferejini, wakatengeneza pia sanamu ya Rais Lincoln iliyosimama na kusema. Akaamua maharamia nao waonwe kutoka mashuani. Mashua zishuke kwenye maporomoko, zipite chini ya reli ya treni inayoizunguka bustani, zitokee katika jengo kubwa lililo nje yake. Marc Davis alichora vituko na Blaine Gibson akachonga sura. Sehemu moja ilipokuwa tayari karakanani, mafundi walimketisha Bwana Disney juu ya kigari, wakamsukuma polepole kwa mwendo wa mashua, aone kama atakavyoona mgeni.

Hivyo ndivyo alivyoiona nyumba ile, wala hakuiona zaidi. Alikuwa mvutaji wa sigara tangu ujana wake, na mwezi wa Novemba 1966 madaktari walimkuta na saratani ya mapafu. Alifariki tarehe 15 Desemba 1966, akiwa na umri wa miaka 65. Nyumba ya maharamia ilifunguliwa tarehe 18 Machi 1967. Nyumba ya mizimu, ambayo kuta zake zilikuwa zimesimama tupu tangu 1963, ilifunguliwa mwaka 1969. Kaka yake Roy, aliyekuwa karibu kustaafu, aliendelea na kazi mpaka akaifungua bustani ya pili huko Florida, tarehe 1 Oktoba 1971. Naye akafariki mwezi wa Desemba mwaka ule ule.

Nimefikiri sana juu ya mtu yule aliyeketi kwenye kigari, akisukumwa kupita kitu ambacho hatakiona kimekwisha. Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wa taifa na kuondoka, na Siku ya Wazazi ijayo haitatukuta hapa. Kwa hiyo nimechora ramani ya ghala, yenye kona mbili na mapazia, nikawakabidhi ndugu zetu wa Kidato cha Tatu. Juzi walinipandisha juu ya mkokoteni wakanisukuma kwenye kona ya kwanza tu, maana ya pili haijawa tayari. Giza lilikuwa zuri. Nawaomba wasisahau kumvua zimwi viatu.