Madame Clicquot: Mjane aliyeing'arisha shampeni ndani ya glasi

Na Mwandishi Wetu

ANAYECHAGUA glasi ya shampeni hutazama umbo lake: nyembamba na ndefu, pana kama bakuli, au yenye tumbo na mdomo uliobanwa. Wachache hukumbuka kwamba zamani glasi angavu ingeweza kumwaibisha mwenye karamu, kwa kuwa mvinyo huo mara nyingi ulikuwa na ukungu wa mashapo. Miongoni mwa walioibadili hali hiyo, jina kubwa ni la mjane wa Kifaransa, Barbe-Nicole Clicquot.

Alizaliwa Desemba 16, 1777 mjini Reims, binti wa tajiri wa viwanda vya nguo aliyeitwa Ponsardin. Mwaka 1798 aliolewa na François Clicquot, ambaye baba yake alianzisha biashara ya mvinyo mwaka 1772. Mwaka 1799 walijaliwa binti, Clémentine, mtoto wao wa pekee. Mwaka 1805 François alifariki dunia na kumwacha mkewe akiwa na umri wa miaka 27.

Sheria za Ufaransa za wakati huo zilimfunga mke chini ya mamlaka ya mumewe, lakini mjane aliruhusiwa kuendesha mali yake. Barbe-Nicole aliitumia nafasi hiyo. Alimshawishi baba mkwe wake asiifunge biashara, akaiingiza hatarini mali yake mwenyewe.

Miaka ya mwanzo ilikuwa michungu. Vita vya Napoleon vilizifunga bandari na wateja wa ng'ambo wakapungua. Mwaka 1814, amani iliponukia, aliwatangulia washindani wake kwa kupakia melini kwa siri chupa 10,550 kwenda Königsberg, ili zifike soko la Urusi. Laiti shehena ile ingepotea, huenda jina la Clicquot lingezama nayo. Ilifika, ikagombewa.

Ndani ya chupa, hata hivyo, kulibaki tatizo. Mapovu ya shampeni hutokana na mvinyo kuchachuka mara ya pili ukiwa chupani, na hamira iliyokufa hubaki humo. Kuuhamishia mvinyo katika chupa nyingine kuliyaondoa mashapo, lakini kulipoteza pia mapovu.

Mwaka 1816, Madame Clicquot alibuni meza yenye matundu, kazi aliyoiboresha pamoja na msimamizi wa ghala lake, Antoine Müller. Chupa zilipachikwa shingo chini na kuzungushwa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, hadi mashapo yakatua kwenye kizibo. Kizibo kilipofunguliwa, msukumo wa gesi uliyatoa nje.

Tangu mvinyo ulipotakata, glasi ilipata cha kuonyesha. Glasi pana, iliyopendwa sana katika karne ya 19, huipoteza gesi upesi kwa sababu uso wa mvinyo uko wazi mno. Nyembamba huitunza gesi na kuonyesha mapovu yakipanda, lakini huibana harufu. Utafiti wa wanasayansi wa Reims uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa hewa ya ukaa hujikusanya zaidi mdomoni mwake, nayo huchoma pua. Ndiyo maana wajuzi wengi sasa huchagua yenye tumbo na mdomo uliobanwa, ambayo huipa harufu nafasi bila kuyafukuza mapovu. Isijazwe pomoni, na isuuzwe vizuri, kwani mabaki ya sabuni huua povu.

Madame Clicquot hakuolewa tena. Mwaka 1831 alimfanya mfanyakazi wake, Édouard Werlé, kuwa mbia. Alifariki Julai 29, 1866 huko Boursault, akiwa na miaka 88. Hadi leo chupa za kampuni hiyo hubeba jina Veuve Clicquot, yaani Mjane Clicquot: hali ambayo ingeweza kumfungia milango ndiyo iliyogeuka kuwa nembo yake.