Cicero, Mtetezi wa Jamhuri

Soma habari hii kwa makini, kisha ufanye mazoezi yaliyo mwishoni.

Marcus Tullius Cicero alizaliwa tarehe 3 Januari mwaka 106 K.K. huko Arpinum, mji mdogo wa vilimani ulio kusini-mashariki ya Roma. Baba yake alikuwa mtu mwenye mali, wa tabaka la wapanda farasi, lakini hakuna hata mmoja katika ukoo wake aliyewahi kushika cheo kikubwa serikalini.

Jambo hilo halikuwa dogo. Roma ya siku hizo haikuwa na mfalme, kwani wafalme walifukuzwa zaidi ya miaka 400 kabla ya hapo. Ilikuwa jamhuri. Kila mwaka raia walikutana kuwachagua viongozi, na wakubwa wa viongozi hao walikuwa makonsuli wawili. Hao walitawala mwaka mmoja tu, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumzuia mwenzake. Seneti, yaani baraza la watu waliokwisha kushika vyeo, ilitoa mashauri ambayo ni wachache waliothubutu kuyapuuza. Hata hivyo jamhuri hiyo haikuwapimia wote kwa kipimo kimoja. Wanawake hawakupiga kura, watumwa walihesabiwa kuwa mali, na vyeo vikubwa vilizungushwa ndani ya koo chache. Kijana asiye na jina la babu alikuwa na njia mbili za kupanda: upanga au ulimi. Cicero alichagua ulimi.

Alijifunza sheria na falsafa Roma, kisha akavuka bahari kwenda Athens na Rhodes, alikofundishwa na mabingwa wa Kiyunani namna ya kusema mbele ya watu bila kuumiza kifua chake dhaifu. Mwaka 70 K.K. wenyeji wa kisiwa cha Sicilia walimwomba awashitakie Gaius Verres, liwali aliyewanyang'anya mali na kupora hata sanamu za mahekalu yao. Verres alikuwa na fedha, marafiki wakubwa, na wakili aliyesifiwa kuliko wote. Cicero alizunguka kisiwa kizima akikusanya mashahidi na hati, na ushahidi ulipotolewa, Verres alikimbilia uhamishoni kabla ya kesi kwisha. Tangu siku hiyo mwana wa Arpinum alijulikana kuwa msemaji wa kwanza wa Roma.

Mwaka 63 K.K. alishika cheo cha konsuli. Katika mwaka huo Lucius Catilina, mtu wa ukoo mkubwa aliyelemewa na madeni na kushindwa katika uchaguzi, alifanya njama ya kuipindua serikali. Cicero aliigundua njama hiyo, akamfichua Catilina mbele ya seneti hata akatoka mjini. Wenzake watano walikamatwa. Sheria ya Roma ilimpa kila raia haki ya kukata rufani kwa wananchi kabla ya kuuawa, lakini konsuli, akiungwa mkono na seneti, aliwanyonga watu hao tarehe 5 Desemba bila ya kuwapeleka mahakamani. Umati ulimshangilia usiku ule. Hata hivyo, mlinzi wa sheria alikuwa amekwisha kuivunja sheria ili kuilinda, na adui zake hawakusahau. Mwaka 58 K.K. ilipitishwa sheria ya kumfukuza yeyote aliyemuua raia bila hukumu. Cicero alikwenda uhamishoni, na nyumba yake ikabomolewa. Mwaka uliofuata aliitwa kurudi, lakini nguvu zake za zamani hazikurudi pamoja naye.

Wakati huo nguvu zilikuwa zimehamia kwa majemadari. Askari waliwatii wale waliowaahidi mashamba, wala si seneti. Mwaka 49 K.K. Julius Caesar alivuka mto Rubicon pamoja na jeshi lake, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Cicero alisita, kisha akaufuata upande wa Pompeius, ulioshindwa. Caesar alimsamehe, lakini msamaha wa mtu mmoja ulikuwa dalili kwamba sasa uhai wa raia ulikuwa mkononi mwa mtu mmoja.

Alipokosa nafasi katika siasa, na tena alipofiwa na binti yake Tullia mwaka 45 K.K., Cicero alijitia katika kuandika. Warumi wengi walidhani kwamba falsafa haiwezi kuelezwa ila kwa Kiyunani. Yeye alikataa. Palipokosekana neno, aliliunda kutokana na mashina ya Kilatini chenyewe. Kwa mfano, kutokana na qualis, lenye maana ya "wa namna gani", aliunda qualitas, na neno hilo linaishi hadi leo katika lugha nyingi za Ulaya. Tiro, aliyekuwa mtumwa wake akaachwa huru mwaka 53 K.K., alimsaidia katika kazi hizo. Barua za Cicero zilizohifadhiwa ni zaidi ya 800.

Caesar aliuawa na maseneta tarehe 15 Machi 44 K.K. Cicero hakuwamo katika njama hiyo, lakini aliona kwamba jamhuri imepata nafasi ya mwisho. Akiwa mzee wa miaka 62, alianza kutoa hotuba kali dhidi ya Marcus Antonius, aliyetaka kukishika kiti cha Caesar. Lau angalinyamaza, huenda angalikufa kitandani mwake. Ili kumzuia Antonius alimwunga mkono Octavianus, kijana ambaye Caesar alimfanya mwanawe katika wasia, akidhani kwamba ataweza kumtumia. Kumbe kijana ndiye aliyemtumia mzee. Mwishoni mwa mwaka 43 K.K. Octavianus alipatana na Antonius na Lepidus, wakaandika orodha ya watu wa kuuawa. Jina la Cicero lilikuwamo. Tarehe 7 Desemba askari walimkuta karibu na Formiae, akichukuliwa katika machela kuelekea baharini, wakamwua. Kichwa chake na mikono iliyoandika hotuba zile vilitundikwa Roma, kwenye jukwaa lilelile alilozoea kusimama akihutubia.

Baada ya miaka 12 Octavianus alimshinda Antonius katika vita vya Actium. Mwaka 30 K.K. alimfanya mwana wa Cicero kuwa konsuli pamoja naye, na mwaka 27 K.K. alipewa jina la Augustus. Makonsuli waliendelea kuwekwa, na seneti iliendelea kukutana. Majina yote ya jamhuri yalibaki, bali uamuzi ulikuwa wa mtu mmoja, na Roma haikumwona tena msemaji aliyeweza kumpinga mtawala na kulala salama.

MAZOEZI

A. Ufahamu

1. Makonsuli walizuiwaje wasitawale kama wafalme?
2. Je, hatari ya mwaka 63 K.K. ilitosha kumhalalishia Cicero tendo lake? Toa hoja za pande zote mbili.
3. Eleza tofauti kati ya jina la jamhuri na jamhuri yenyewe, kama ionekanavyo katika aya ya mwisho.

B. Sarufi

1. Toa vitenzi sita vya kauli ya kutendwa vilivyomo katika habari, kisha uvigeuze viwe katika kauli ya kutenda.
2. Kanusha sentensi hii: Lau angalinyamaza, huenda angalikufa kitandani mwake.
3. Nomino "msemaji", "mtetezi" na "uamuzi" zimetokana na vitenzi gani? Kwa kufuata mifano hiyo, unda nomino mbili kutokana na kila kimoja cha vitenzi hivi: linda, tawala, chagua.