Gustave Eiffel na Chuo Kilichomfaa

Kila mwaka matokeo ya mitihani yatokapo, wako wanafunzi wanaoshangilia na wako wanaoinamisha vichwa. Aliyekitamani chuo kikubwa akakikosa hudhani njia yake imekwisha, na wazazi wake nao huona haya mbele ya majirani. Kwa sababu hiyo yafaa tuyajue maisha ya Gustave Eiffel, Mfaransa ambaye jina lake limebaki katika ule mnara mrefu wa chuma wa mji wa Paris. Mtu huyu alishindwa kuingia katika chuo alichokitaka. Akaenda katika chuo kingine, kidogo na kisicho na sifa kubwa, na hicho ndicho kilichomfanya kuwa injinia.

Eiffel alizaliwa tarehe 15 Desemba 1832 katika mji wa Dijon, upande wa mashariki wa Ufaransa. Baba yake alikuwa askari hapo kwanza, kisha akafanya kazi ya ofisini. Mama yake alikuwa mwanamke hodari, mfanyi biashara ya makaa ya mawe, na biashara yake ndiyo iliyoleta neema nyumbani. Shuleni kijana hakuonyesha dalili ya ajabu. Masomo yalimchosha, na saa za darasani alizihesabu kama saa za kifungo. Katika miaka miwili ya mwisho tu alipata walimu wa historia na fasihi waliojua kumwamsha. Hapo alishika vitabu kwa bidii, akafaulu mitihani ya kumaliza shule katika fasihi na katika sayansi pia.

Kisha akapelekwa Paris kujitayarisha kwa mtihani wa kuingia Ecole Polytechnique. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1794, nacho kilikuwa na heshima kupita vyote vya ufundi nchini. Kilikuwa chini ya jeshi, kilisisitiza sana hesabu, na wengi waliotoka huko walipata vyeo vya serikali. Kila mzazi mwenye mtoto hodari alitamani kumwona amevaa sare ya chuo hicho. Eiffel alijitahidi kwa miaka miwili. Mwaka 1852 alifanya mtihani, na jina lake halikuwamo katika orodha ya waliochaguliwa.

Palikuwa na chuo kingine mjini humo, jina lake Ecole Centrale. Kiliundwa mwaka 1829 na mtu mmoja wa biashara aitwaye Alphonse Lavallée pamoja na wataalamu watatu: Jean-Baptiste Dumas, bingwa wa kemia; Eugène Péclet, bingwa wa fizikia; na Théodore Olivier, bingwa wa hesabu. Serikali haikuwa na mkono katika kukianzisha. Hata nyumba yake ilikuwa ya namna yake, kwani lilikuwa jumba la zamani lililojengwa na tajiri mmoja aliyekusanya kodi ya chumvi, na watu kwa mzaha wakaliita Jumba la Chumvi. Leo jumba hilo ni makumbusho ya kazi za mchoraji Picasso.

Waanzilishi wale walikuwa na wazo moja. Waliona kwamba Ufaransa ilikwisha kuwa na mainjinia wa jeshi na wa barabara za serikali, lakini viwanda na reli zilizokuwa zikianza hazikuwa na watu wa kuziongoza. Tena waliamini kwamba elimu ya viwanda ni kitu kimoja, kama mwili ulivyo mmoja ijapokuwa una viungo vingi. Kwa hiyo mwanafunzi wao hakuruhusiwa kujifungia katika chumba kimoja cha elimu. Atakaye kuwa mkemia alijifunza pia kujenga, na atakaye kujenga alijifunza pia mitambo na madini. Watu wengine wa siku zile walidhani kwamba anayejifunza mambo mengi namna hii hatajua hata moja.

Eiffel aliingia Ecole Centrale mwaka ule ule wa 1852. Tusidhani kwamba alijua mbele ataishia wapi. Ulipofika wakati wa kuchagua fani alichagua kemia, si ujenzi. Sababu yake ni kwamba mzee mmoja wa ukoo wao, aitwaye Mollerat, alikuwa na kiwanda kikubwa cha kemikali karibu na Dijon, na alikuwa amevumbua njia mpya ya kutengeneza siki. Ilitumainiwa kwamba kijana atarudi nyumbani na kukishika kiwanda hicho. Kazi ilikuwa tayari, na njia ilionekana nyeupe.

Lakini ugomvi ukazuka baina ya Mollerat na wazazi wa Eiffel, na mlango ule ukafungwa. Mwaka 1855 kijana alipata shahada yake ya kemia, naye hana kiwanda cha kwenda. Hapa ndipo faida ya chuo kile kidogo ilipoonekana. Kama angalifundishwa kemia peke yake, angalikuwa amekwama. Lakini alijua kuchora, alijua nguvu za mitambo, na alijua habari za ujenzi na madini. Kwanza alijifunza kazi bila mshahara katika kiwanda cha kuyeyusha chuma kilichosimamiwa na shemeji yake. Mwaka 1856 aliajiriwa na Charles Nepveu, injinia wa reli wa mjini Paris. Biashara ya Nepveu ikaanguka upesi, lakini mzee huyo hakumtupa kijana wake. Alimtafutia nafasi katika kampuni moja ya reli, na huko Eiffel akachora daraja lake la kwanza la chuma, lenye urefu wa mita 22.

Muda si muda akapewa kazi kubwa. Katika miaka ya 1858 hata 1860 alisimamia ujenzi wa daraja la reli juu ya mto Garonne mjini Bordeaux, lenye urefu wa kama mita 500. Ilimpasa kusimamisha nguzo katika mto wenye maji mengi na yenye kasi. Alitumia hewa iliyoshindiliwa ili kuyazuia maji, mafundi wapate kufanya kazi chini kabisa kwenye sakafu ya mto. Alipoianza kazi hiyo alikuwa hajatimiza miaka 26.

Mwaka 1866 alianzisha karakana yake mwenyewe huko Levallois-Perret, kando ya Paris. Miaka miwili baadaye alishirikiana na Théophile Seyrig, naye pia kijana wa Ecole Centrale. Kampuni yao ilijenga daraja la Maria Pia katika mji wa Porto, Ureno, lililomalizika mwaka 1877. Tao lake moja la chuma liliruka mto wote, mita 160, bila nguzo hata moja majini. Baadaye kampuni ya Eiffel ilijenga daraja la Garabit, Ufaransa, na kutengeneza mifupa ya chuma iliyo ndani ya Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886.

Sasa tuje kwenye mnara. Yatupasa kusema kweli kwamba mchoro wa kwanza haukuwa wake. Mwaka 1884 uliletwa na mainjinia wake wawili, Maurice Koechlin na Emile Nouguier, na yeye hakuupenda sana mwanzoni. Baadaye alitambua thamani yake, akanunua haki ya mchoro, akabeba mzigo wote wa fedha, hesabu na lawama. Ujenzi ulianza Januari 1887. Waandishi na wasanii wengi wakubwa walilalamika kwamba utaharibu sura ya mji. Hata hivyo vipande 18,038 vya chuma vilifungwa kwa ribiti zipatazo 2,500,000, na mwezi wa Machi 1889 mnara wa mita 300 ulikuwa umesimama. Hapakuwa na jengo refu kuupita duniani hata mwaka 1930.

Kando ya mnara, chini ya baraza ya kwanza, Eiffel aliagiza yaandikwe majina 72 ya wataalamu na mainjinia wa Ufaransa. Miongoni mwao limo jina la Dumas, mmoja wa waanzilishi wa Ecole Centrale. Limo pia la Perdonnet, aliyefundisha huko elimu ya reli, na la Petiet, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo ambaye baadaye aliongoza chuo hicho. Mtoto alikuwa hajasahau nyumba iliyomlea.

Maisha yake hayakuwa asali tupu. Alikuwa ameshika kazi ya kutengeneza malango ya maji ya Mfereji wa Panama. Kampuni ya mfereji ikafilisika, kashfa ikazuka, na mwaka 1893 yeye pia alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na faini ya faranga 20,000. Mahakama ya juu iliifuta hukumu mwaka huo huo, kwa sababu muda wa kumshtaki ulikuwa umepita. Aliiacha biashara, akarudi kuwa mwanafunzi. Aliutumia mnara wake kupima nguvu za upepo, na mwaka 1909 akajenga chini yake chumba cha kupuliza hewa kwa kasi ili kujaribu mabawa ya ndege, vyombo vilivyokuwa vichanga bado. Aliisaidia pia simu isiyo na waya itumie mnara huo. Manufaa hayo yaliuokoa, maana kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu, kisha ungebomolewa. Eiffel alifariki tarehe 27 Desemba 1923, mwenye umri wa miaka 91.

Basi ndugu wanafunzi, nanyi wazazi wetu, tukichagua chuo tusiulize jina lake tu. Tuulize kinafundisha nini na kwa namna gani, walimu wake ni nani, na kama mtoto wetu atatoka humo akiweza kugeuka pale njia moja itakapofungwa. Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Chuo kikubwa ni kizuri kwa anayekiweza na kinayemfaa. Lakini aliyekikosa asikae akilia mlangoni; asogee mbele kidogo, huenda chuo chake ki katika mtaa wa pili.