Robert Moog, Fundi Aliyeuza Jina Lake

Katika jarida hili letu marehemu mashuhuri wanaoandikwa kila mwaka ni wale wale: wapigania uhuru, washairi wa pwani na wakimbiaji. Sina ubaya nao. Lakini mwaka huu mimi nimeamua kukuletea maisha ya fundi. Jina lake ni Robert Moog, wengi walimwita Bob, Mmarekani aliyefariki mwaka 2005, kabla sisi wa kidato cha tatu hatujazaliwa. Hata kama jina hilo ni geni kwako, sauti yake unaijua. Umeisikia ndani ya matatu za Umoja na Buruburu. Ile filimbi nyembamba inayoteleza katika hip hop ya California ya miaka ya tisini, mathalani katika albamu ya Dr. Dre ya mwaka 1992 iitwayo The Chronic, ilitoka kwa kinanda cha huyu jamaa. Besi nyingi nene unazozisikia hadi leo, za zile zinazotikisa kiti, ama zilitoka kwake ama ziliigwa kutoka kwake. Hilo la kuigwa ndilo hasa limenifanya nishike kalamu.

Kwanza tusahihishe matamshi. Wengi husema "Muug", lakini mwenyewe alilitamka kwa "o" ile ya "moto", halafu akafunga kwa "g".

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1934 katika jiji la New York, akalelewa Flushing, huko Queens. Baba yake alikuwa mhandisi katika kampuni ya umeme na alikuwa na karakana yake nyumbani. Mama yake alitaka kijana awe mpiga piano mkubwa. Basi mtoto akawa anakalishwa kwenye piano masaa na masaa, na akiachiliwa tu anakimbilia kwa baba kuunganisha waya. Ukiyachanganya malezi ya wazazi hao wawili, utaona kwamba mambo aliyoyafanya baadaye hayakutoka hewani.

Akiwa na umri wa miaka 14 alijiundia theremini. Hiki ni chombo kilichovumbuliwa na Mrusi mmoja aitwaye Termen, na ajabu yake ni kwamba hupigwa bila kuguswa. Mkono mmoja hewani hupandisha na kushusha noti, mwingine huongeza na kupunguza sauti. Ukikiona mara ya kwanza utadhani ni uchawi. Mwaka 1954, akiwa bado mwanafunzi, yeye na babake walianzisha kampuni ya kuuza theremini. Mwaka 1961 akaandika makala katika gazeti la mafundi na kuanza kuuza vipande ambavyo mnunuzi angejiunganishia mwenyewe nyumbani, kwa dola hamsini hivi. Vikauzwa karibu elfu moja. Pesa hizo zilimsaidia sana katika masomo. Alikuwa amesomea fizikia na uhandisi wa umeme jijini New York, na mwaka 1965 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cornell. Kwa hivyo usimwite fundi wa kubahatisha, ingawa karakana yake ya Trumansburg, mji mdogo karibu na Cornell, haikuwa na majivuno yoyote. Nikisoma habari zake nawaona mafundi wetu wa Kamukunji: mteja anakuja na shida yake, fundi anakuna kichwa, wanaanza kugonga pamoja.

Mteja aliyekuja na shida alikuwa mwalimu wa muziki, Herbert Deutsch. Walikutana mwaka 1963, na mwaka uliofuata wakashinda pamoja katika karakana hadi wakapata kifaa kipya. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kutengeneza muziki wa umeme alirekodi milio kwenye tepu, akaikata kwa wembe na kuiunganisha kipande kwa kipande. Moog alileta wazo moja rahisi: acha umeme uutawale umeme. Ukipandisha volteji kidogo, noti inapanda. Ukiishusha, inashuka. Kila kibonyezo cha kinanda kikawa kinatuma volteji yake.

Ndani ya sinthesaiza yake sauti husafiri hivi. Kwanza kuna osileta, ambayo hutoa mlio mkali, mkavu, wenye kila kitu ndani yake. Halafu kuna kichungi. Hebu fikiria mama akimimina chai. Majani yote yamo ndani ya sufuria, lakini kichungi ndicho kinaamua nini kifike kikombeni. Kichungi cha Moog hukata milio ya juu na kuacha ile ya chini, na unaweza kukifunga na kukifungua kwa kuzungusha kitufe huku unapiga. "Waau" ile unayoisikia kwenye besi ni kichungi kinafunguka na kufunga. Alipewa hataza ya kichungi hicho mwaka 1969, na kwa maoni yangu hicho ndicho kilichomtofautisha na wenzake wote.

Mwaka 1968 mwanamuziki Wendy Carlos alitoa albamu ya nyimbo za Bach zilizopigwa kwa sinthesaiza ya Moog peke yake. Haikuwa kazi ya mchezo, maana mashine ilitoa noti moja tu kwa wakati, kwa hivyo kila sauti ilirekodiwa pekee yake kisha zikapangwa juu ya nyingine. Zaidi ya hayo, mashine ikipata joto ilihama noti na ikabidi irekebishwe tena na tena. Albamu hiyo iliuzwa mno na kupata tuzo tatu za Grammy. Lakini si wote walifurahi. Wako waliosema hizi si ala, ni mashine za kughushi ala. Wanamuziki wa Marekani walihofia kwamba mpiga zeze na mpiga tarumbeta watakosa unga. Mimi siwacheki. Hata hapa mtaani bendi ya watu wanane imekuwa mtu mmoja na kinanda.

Kisha ikaja Minimoog, iliyoanza kuundwa mwaka 1970. Mashine ya kwanza ilijaza ukuta mzima. Hii ilibebeka kwapani, ilikuwa na vibonyezo 44 na osileta tatu ambazo mpigaji angeweza kuzitofautisha kidogo tu zikawa nene kama watu watatu wakiimba noti moja. Bernie Worrell wa kundi la Parliament aliitumia kupigia besi, na tangu hapo kila mtu akaitaka besi ile.

Sasa ungedhani fundi alitajirika. Wapi! Moog alijua umeme kuliko hesabu za biashara. Madeni yalimlemea, na mwaka 1971 akauza kampuni yake, mwaka 1973 nayo ikauzwa tena kwa kampuni kubwa zaidi. Alipoondoka mwaka 1977, jina lilibaki huko. Yaani jina lake mwenyewe, alilopewa na babake, hangeweza kulibandika kwenye ala anazozitengeneza. Akahamia North Carolina akafungua karakana iliyoitwa Big Briar.

Tukiwa bado tunamhurumia, twende Stanford, upande wa pili wa Marekani, kwa sababu huko ndiko lilikotoka lile lililoimaliza kampuni yake ya zamani. Mwaka 1967 mwanamuziki John Chowning alikuwa akifanya majaribio ya mtetemo kwa kompyuta. Mtetemo ni ule ambao muimbaji wa kwaya huuweka mwisho wa noti ndefu, sauti ikapanda na kushuka mara tano au sita kwa sekunde. Chowning akaongeza kasi. Ilipofika mamia kwa sekunde, sikio liliacha kusikia kupanda na kushuka, likasikia rangi mpya kabisa ya sauti: kengele, shaba, kamba. Huo ndio unaitwa FM, na kanuni yake ni ile ile ya stesheni za redio za FM. Yamaha walinunua haki ya kuutumia, na mwaka 1983 wakatoa kinanda cha DX7. Kilitoa noti 16 kwa pamoja, hakikuhama noti hata kukiwa na joto, na bei yake ilikuwa chini ya dola elfu mbili. Minimoog zilizouzwa kwa zaidi ya miaka kumi zilikuwa kama elfu kumi na mbili. DX7 zilipita laki moja na nusu kwa miaka michache. Miaka ya themanini haikwisha kabla kampuni ya Moog haijafilisika.

Kumbe watu waliokimbilia kinanda kipya walitaka kukisikia kikitoa sauti za zamani! Hata katika Afrika Mashariki tuna mfano. Hailu Mergia wa Ethiopia, aliyekuwa na Walias Band ya Addis Ababa, alirekodi kanda mjini Washington mwaka 1985, akachanganya kodiani ya ujana wake na vinanda vya umeme, DX7 ikiwemo. Baadaye akawa dereva wa teksi miaka mingi, na kanda ile ikatolewa upya mwaka 2013.

Nasi tunao mfano wetu, mdogo. Katika kanisa letu huku Jericho kuna Yamaha DX21 ya mwaka 1985, ndugu mdogo wa DX7. Mpiga gita la besi alihamia Mombasa, na mzee mmoja wa kanisa akapendekeza kinanda hicho kiuzwe kama chuma chakavu, kwa kuwa kila sauti yake ni kengele. Binamu yangu akaomba apewe mwezi mmoja akitafutie besi ya Moog. Mimi nikawa msaidizi wake kila Jumamosi.

Shida ni kwamba kinanda cha FM hakina kichungi kabisa. Kina opereta nne. Nyingine husikika, nyingine kazi yake ni kuzitikisa zile zinazosikika. Tulichagua mpango nambari 5, ambao ni jozi mbili: katika kila jozi mmoja anaimba na mwingine anamtikisa. Tukaziweka zote kwenye uwiano wa 0.50 ili zishuke oktava moja. Mtikisaji na muimbaji wakiwa na uwiano mmoja, sauti inakaribia ule mlio mkali wa osileta ya Moog. Mtikisaji akiwa maradufu inakuwa tupu tupu, kama kupuliza chupa. Kisha tukamfanya opereta wa nne ajitikise mwenyewe, ukali ukaongezeka. Jozi moja tukaipandisha noti kidogo sana na nyingine tukaishusha, na hapo unene ukaja.

Lakini kiini cha yote ni mtikisaji. Ukimpa nguvu nyingi mwanzoni kisha ukamfanya afifie haraka kuliko muimbaji, sauti inaanza kali halafu inafunga, kana kwamba kichungi kinafungwa. Kichungi hakipo, ila sikio linakisikia! Mwisho tukakiamuru kinanda kipige noti moja moja, na kuteleza kutoka noti hadi noti. Sitakudanganya kwamba kimekuwa Minimoog. Ile "waau" yenye pua hatukuipata, na huwezi kushika kitufe ukaifungua sauti huku unapiga, maana unabonyeza namba kwenye kioo kidogo. Hata hivyo siku ya mazoezi mama wa sauti ya tatu walianza kuyumba kabla kiongozi hajainua mkono, na habari ya chuma chakavu haikutajwa tena.

Mtu angedhani Moog aliichukia dijitali. La. Kuanzia 1984 hadi 1989 alifanya kazi Kurzweil, kampuni ya vinanda vya dijitali. Baadaye akarudi kwa theremini zake, na kupigania jina lake mahakamani. Alirudishiwa mwaka 2002, robo karne baada ya kuondoka, na mwaka huo huo akatoa Minimoog mpya, Voyager, yenye jina lake juu. Aliifurahia miaka mitatu tu. Mnamo Aprili 2005 aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo, na tarehe 21 Agosti akafariki nyumbani kwake Asheville, akiwa na miaka 71. Watoto wake walianzisha wakfu wa kufundisha watoto wa shule sayansi ya sauti, na mwaka 2019 wakfu huo ukafungua makumbusho mjini humo. Kampuni nayo iliendelea, ikaunda tena Minimoog ile ya zamani mwaka 2016. Halafu mwaka 2023 ikauzwa kwa kampuni nyingine, inMusic, na jina likaenda nayo.