Pasteur: Mkemia aliyewafundisha wafugaji thamani ya chanjo

PAKA ni mlinzi asiyedai mshahara. Katika maduka na maghala mengi ya nafaka, yeye ndiye anayezuia panya wasitoboe magunia. Hata hivyo, siku ya chanjo inapotangazwa, baadhi yetu hupeleka mbwa na kumwacha paka nyumbani, kana kwamba kichaa cha mbwa, kwa sababu ya jina lake, hakimhusu. Ugonjwa huo humpata paka pia, na paka mgonjwa humwambukiza binadamu anapomng'ata. Tunapozungumzia kinga hiyo hatuna budi kumkumbuka Louis Pasteur, Mfaransa ambaye maisha yake yana mafunzo kwa mfugaji na mfanyabiashara.

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi, kwa hiyo mtoto alikulia karibu na watu wa mifugo. Alipokuwa na umri wa miaka minane, mbwa mwitu mwenye kichaa aliwashambulia watu katika eneo la Arbois, walikokuwa wakiishi. Majeruhi walipelekwa kwa mhunzi, vidonda vikachomwa kwa chuma cha moto. Wakati huo hapakuwa na tiba nyingine.

Alisomea kemia, wala hakuwa daktari wa binadamu au wa mifugo. Sifa yake ilitokana na kusikiliza matatizo ya wazalishaji. Mwaka 1854 alihamia Lille, ambako mwenye kiwanda cha pombe ya viazisukari alimwomba ushauri kwa kuwa mapipa yake yalikuwa yakiharibika. Pasteur alionyesha kuwa kuchacha ni kazi ya vijidudu, na kwamba vijidudu visivyotakiwa ndivyo vinavyoleta hasara. Baadaye alibuni njia ya kupasha mvinyo moto wa wastani ili usiharibike. Njia hiyo ndiyo inayotumika leo katika viwanda vya maziwa.

Mwaka 1865 serikali ilimtuma kusini mwa nchi kuwasaidia wafugaji wa viwavi wa hariri waliokuwa wakifilisika. Hakuwa akijua lolote kuhusu viwavi, lakini baada ya miaka kadhaa aliwafundisha kuwachunguza nondo kwa hadubini na kubakiza mayai ya wale wasio na ugonjwa tu. Mkulima wa leo angeiita kazi hiyo kuchagua mbegu safi.

Miaka hiyo ilikuwa ya majonzi kwake. Kati ya watoto wake watano, watatu walifariki wakiwa wadogo, wawili kati yao kwa homa ya matumbo. Mwaka 1868 alipata kiharusi kilichodhoofisha upande wa kushoto wa mwili wake. Hata hivyo, kazi zake kubwa zaidi zilikuwa bado mbele.

Mwaka 1880 alitangaza matokeo ya utafiti wake juu ya kipindupindu cha kuku. Kuku waliodungwa vijidudu vilivyozeeka waliugua kidogo wakapona, na walipodungwa vijidudu vipya hawakufa. Mwaka uliofuata alikubali kufanya jaribio la chanjo ya kimeta hadharani katika shamba la Pouilly-le-Fort. Kondoo 24 na mbuzi mmoja walichanjwa mara mbili, na idadi kama hiyo wakaachwa bila chanjo. Mei 31 wote walidungwa vijidudu vikali vya kimeta. Juni 2 wakulima, madaktari wa mifugo na waandishi wa habari walifika kuona. Kondoo waliochanjwa walikuwa wamesimama, na wasiochanjwa walikuwa wamekufa au wako mahututi.

Hata hivyo, sifa hiyo ina doa. Wanahistoria waliosoma daftari zake waligundua kuwa chanjo iliyotumika siku ile ilitengenezwa kwa kemikali, njia iliyokaribiana na ya mpinzani wake, daktari wa mifugo Henry Toussaint, ilhali Pasteur aliwaacha watu waamini kuwa ni njia yake mwenyewe. Kondoo walipona kweli, lakini mwenzake alinyimwa haki yake.

Kisha akageukia kichaa cha mbwa. Kirusi chake hakikuonekana kwa hadubini za wakati ule, hivyo yeye na msaidizi wake Emile Roux walikikuza katika sungura na kukipunguza nguvu kwa kukausha uti wa mgongo wa sungura hao. Julai 6, 1885 aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa mara 14. Sindano, zilizodungwa na Dk. Grancher, zilikuwa 13 katika siku 11. Mtoto alipona. Miezi michache baadaye aliletwa Louise Pelletier, msichana wa miaka 10, siku 37 tangu ang'atwe. Huyo alifariki.

Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa Paris mwaka 1888, naye akafariki Septemba 28, 1895. Tarehe hiyo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Je, mwenye paka afanye nini? Paka achanjwe dhidi ya kichaa afikapo miezi mitatu, arudiwe baada ya mwaka mmoja, kisha kwa ratiba atakayopewa na daktari wa mifugo. Zipo pia chanjo za mafua ya paka na tauni ya paka, ambayo huua watoto wa paka kwa kutapika na kuhara. Hizo huanza wiki ya sita hadi ya nane. Paka akiugua usimpe panadol, kwani humuua. Ununuapo chanjo, hakikisha imetoka kwenye jokofu na haijapita muda wake.

Uking'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kwa hesabu yoyote ya biashara, sindano moja ya paka ni nafuu kuliko msururu wa sindano za mtu aliyeng'atwa.